Mlango wa Progresivu Si Mmoja

Mtu akiuliza aanzie wapi kusikiliza roki ya progresivu, hujibiwa na watu wanne kwa mpigo, na wote wanne humtisha. Mmoja humpa orodha ya albamu thelathini zilizopangwa mwaka kwa mwaka. Mwingine humwambia aanze na iliyo ngumu kuliko zote, akiiweza hiyo zilizobaki atazinywa kama maji. Wa tatu humkataza Pink Floyd. Wa nne humwambia asijisumbue, muziki wenyewe ulishakufa mwaka 1977. Naupenda muziki huu kwa dhati, na nimeona wasikilizaji wenye masikio mazuri wakigeukia mlangoni kwa sababu ya majibu kama haya. Ndiyo maana nataka kuyajibu.

Kwa asiyeujua, ni muziki uliochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliokua na nyimbo za Beatles walianza kuazima kutoka jazi, kinanda cha kanisani na muziki wa okestra, wakaiacha ile desturi ya wimbo wa dakika tatu wenye beti mbili na kiitikio.

Tuanze na hoja ya orodha. Wanaoitetea husema huwezi kuuelewa muziki usipoufuata tangu kuzaliwa kwake, kwa hiyo lazima uanze na albamu ya kwanza ya King Crimson, In the Court of the Crimson King, iliyotoka Oktoba 1969. Albamu hiyo sina ugomvi nayo. Mle ndani mna mellotron, kinanda ambacho kila kitufe chake huvuta utepe wenye sauti iliyorekodiwa, ya fidla au filimbi. Ukibonyeza, sauti inatoka. Zikitimia sekunde kama nane utepe unaisha na sauti inakatika, hata ukiendelea kukandamiza. Mpigaji hulazimika kuachia na kubonyeza upya, na ndiyo maana fidla zile husikika kama zinapumua. Nani asipende kitu kama hicho?

Lakini wimbo unaoifungua albamu hiyo ni gitaa na saksafoni zinazonguruma pamoja, na sauti ya mwimbaji iliyokwaruzwa makusudi. Mgeni wa kwanza hukimbia. Hakuna anayemfundisha mtu Kiswahili kwa kumpa Utendi wa Tambuka ati kwa kuwa uliandikwa mwaka 1728. Historia ni ya mtu aliyekwisha kupenda. Huyo ndiye hurudi nyuma mwenyewe, bila kusukumwa, kutafuta nani alimzaa nani. Tena mwenye kufuata mwaka kwa mwaka atakwama njiani. Mwaka 1972 peke yake una Close to the Edge ya Yes, Foxtrot ya Genesis, Thick as a Brick ya Jethro Tull na Octopus ya Gentle Giant. Kuzimeza zote kwa mpangilio ni kazi ya mtunza maktaba.

Hoja ya pili, ya kuanza na ngumu, naijibu kwa yaliyonipata. Rafiki yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliniazima Tarkus ya Emerson, Lake & Palmer, ya mwaka 1971. Wimbo wenye jina hilo unachukua upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 20, na unaanza kwa mapigo matano matano, kinanda kikikufukuza tangu mwanzo. Nilisikiliza nusu. Kesho yake nilimrudishia, nikamwambia muziki huu si wangu, na kwa miaka mitano sikuugusa tena. Leo Tarkus naipenda. Ila miaka ile mitano ilipotea bure, na aliyeipoteza ni aliyedhani kwamba mapenzi hupimwa kwa mtihani.

Kilichonirudisha ni wimbo mmoja wa Genesis, Firth of Fifth, katika albamu ya Selling England by the Pound ya mwaka 1973. Niuelezee, kwa sababu ndani yake mna jibu la hoja nyingine kubwa kuliko hizi: kwamba nyimbo hizi ni ndefu kwa sababu wapigaji wanajionyesha tu.

Unaanza kwa piano peke yake. Tony Banks anapiga kama dakika nzima, na mapigo yanabadilika chini ya vidole vyake bila wewe kujua. Unahisi tu kwamba ardhi inateleza kidogo. Kisha bendi inaingia, Peter Gabriel anaimba beti zake. Halafu vyombo vinatulia, na filimbi inapiga wimbo mdogo wa huzuni, taratibu, kama mtu anayejiimbia akiwa peke yake njiani. Haudumu. Piano inaupokea, inaukuza, na ghafla ule utangulizi wa mwanzo unarudi, safari hii kwa kinanda cha umeme, na ngoma za Phil Collins zikiusukuma mbele. Kisha Steve Hackett anachukua gitaa na kupiga ule wimbo wa filimbi, noti kwa noti, lakini kwa sauti iliyorefushwa kana kwamba haitaki kufika mwisho. Gitaa hilo linachukua karibu dakika tatu, na katika dakika hizo tatu sioni noti ya kujionyesha. Mtu anayetaka kujionyesha hupiga noti nyingi. Hackett anazishikilia chache.

Sasa jaribu kuukata wimbo huo uwe wa dakika tatu. Ukiondoa filimbi, gitaa halina la kukumbusha. Ukiondoa gitaa, filimbi imepandwa bila kuvunwa. Urefu ndio uliobeba maana. Nasi tunapaswa kuwa wa mwisho kulalamikia urefu, sisi tuliokaa ukumbini kusikiliza taarabu moja ikipita dakika kumi na hakuna aliyetazama saa.

Urefu huo pia ulikuwa na sababu za kawaida kabisa. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika ishirini na kitu, na wanamuziki hawa walianza kuuona upande mzima kama karatasi moja ya kuandikia. Vituo vya redio vya FM vya Marekani vilikuwa tayari kucheza nyimbo ndefu za albamu. Jethro Tull walikwenda mbali zaidi: Thick as a Brick ni wimbo mmoja unaoanza upande wa kwanza na kumalizika upande wa pili, na bado albamu hiyo ilishika namba moja Marekani. Walioinunua walijua wanachonunua.

Nakiri kwamba wako waliopitiliza. Yes walitoa Tales from Topographic Oceans mwaka 1973, nyimbo nne katika santuri mbili, zaidi ya dakika 80, na mpiga kinanda wao wenyewe, Rick Wakeman, hakuipenda. Aliondoka kundini mwaka uliofuata. Mimi nami naona iko nyama nyingi pale ambayo ingekatwa. Lakini kasoro ya albamu moja haiwi hukumu ya muziki mzima.

Turudi kwa Pink Floyd. Hoja ni kwamba wao ni wepesi mno, wamependwa na watu wengi mno, kwa hiyo si progresivu halisi. Hii ndiyo hoja inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inamwadhibu mtu kwa kupenda kitu kizuri. Chukua Money, katika The Dark Side of the Moon ya Machi 1973. Sauti zile za sarafu na mashine ya duka unazozisikia mwanzoni, Roger Waters alizirekodi, akakata vipande vya utepe kwa kuvipima na rula, akaviunganisha kuwa duara moja linalozunguka. Duara lile lina milio saba. Gitaa la besi linaingia juu yake, nalo linahesabu saba. Jaribu kupiga makofi: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, kisha rudi. Saksafoni inapiga juu ya hiyo saba. Gitaa la David Gilmour likishika zamu, bendi nzima inahamia mapigo manne ya kawaida na wimbo unafunguka kama dirisha. Baadaye unarudi kwenye saba. Mamilioni ya watu wameucheza wimbo huo bila kujua kwamba wanacheza saba. Albamu hiyo ilikaa katika chati ya Billboard kwa wiki 741 kati ya 1973 na 1988. Kama huo si mlango, sijui mlango ni nini.

Hapo hapo linajibika na dai la kwamba lazima ujue nadharia ya muziki. Hapana. Mwili huhesabu kabla ya akili.

Kuhusu kifo cha 1977 sitakawia. Inasemekana vijana wa panki waliuua. Lakini King Crimson walijivunja wenyewe mwaka 1974, na Gabriel aliiacha Genesis 1975, wakati Sex Pistols, kundi la panki, hawajatoa wimbo wowote. Na katika mwaka huo huo wa 1977, Going for the One ya Yes ilishika namba moja Uingereza. Johnny Rotten mwenyewe, mwimbaji wa Sex Pistols aliyekuwa akivaa fulana ya kuitukana Pink Floyd, alialikwa redioni mwaka huo achague nyimbo azipendazo, akamchagua Peter Hammill wa Van der Graaf Generator. Uchovu ulikuwepo, na fedha za rekodi zilihamia kwingine. Ila Rush wa Kanada walitoa Moving Pictures mwaka 1981, Marillion walifika namba moja Uingereza na Misplaced Childhood mwaka 1985, na Porcupine Tree wakatoa In Absentia mwaka 2002. Maiti haitoi albamu.

La mwisho husemwa na watu wa kwetu: kwamba huu ni muziki wa wavulana wa Kiingereza waliosoma shule za gharama. Waanzilishi wa Genesis kweli walikutana Charterhouse, shule ya wenye nacho, na sina haja ya kuficha. Lakini Waitaliano waliupokea muziki huu wakaufanya wao: Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator ilishika namba moja Italia wakati kwao Uingereza hawakujaliwa, na Premiata Forneria Marconi walianza na Storia di un minuto mwaka 1972, kwa Kiitaliano. Huko Ufaransa, Christian Vander wa Magma alibuni lugha nzima ya kuimbia, Kikobaia. Msikilizaji wa Paris na wa Tanga wako sawa mbele ya lugha hiyo.

Na sisi tuna mtu wetu. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na kabla Queen hawajajulikana kwa nyimbo za viwanjani, mwaka 1974 walitoa Queen II, ambayo pande zake ziliitwa Mweupe na Mweusi. Upande Mweusi wote aliutunga yeye. The March of the Black Queen inabadilika mwendo mara nyingi mno kiasi kwamba hujui kama bado ni wimbo ule ule. Mzanzibari anayesema progresivu haimhusu, na aanzie hapo.

Wewe mwingine, anzia pale masikio yako yalipo tayari. Mpenzi wa jazi achukue In the Land of Grey and Pink ya Caravan. Mpenzi wa gitaa zito achukue Moving Pictures. Asiye na upande achukue Selling England by the Pound, wimbo wa tatu, usiku, taa zikiwa zimezimwa, simu ikiwa chumba kingine. Ni dakika tisa na nusu. Usiukate.