Ukimtafuta Babu, Anza na Jirani

Anayeanza kutafuta asili ya ukoo wake katika parokia ya shamba kule Uingereza huwa na jina moja kichwani. Hufungua daftari la kanisa, akapitisha kidole kwenye mistari ya wino uliofifia, akaruka majina ya watu hamsini asiowahitaji, na lile lake linapotokea moyo humwenda mbio. Hunakili tarehe, akafunga daftari, akarudi nyumbani akiamini amempata babu. Mara nyingi amempata mtu mwingine.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya utafutaji huo, na nataka kulifungua kwa hoja moja ninayoiamini kwa dhati: wale watu hamsini aliowaruka ndio njia ya kumfikia babu yake. Kijijini mtu hujulikana kwa aliokaa nao, aliowafanyia kazi na aliozikwa kando yao. Anayesoma ukoo wake peke yake hupata orodha ya majina. Anayesoma parokia nzima hupata maisha ya watu.

Daftari lenyewe lilizaliwa na amri. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, mtumishi mkuu wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na mazishi. Kasisi aandike kila Jumapili mbele ya wazee wa kanisa, na kitabu kihifadhiwe ndani ya sanduku lenye kufuli mbili. Wako waliohofu kwamba huo ulikuwa mtego wa kodi mpya. Mwaka 1598 ikaamriwa kumbukumbu ziandikwe kwenye ngozi, kwa kuwa karatasi haikudumu, na nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Amri ilitoka juu, kwa sababu za walio juu. Matunda yake, hata hivyo, yaliwafikia walio chini: mwenye ardhi na mchunga kondoo wake wakaandikwa ukurasa mmoja, kwa wino uleule.

Kwa nini basi jina moja lisitoshe? Kwanza, majina yenyewe yalikuwa machache. Kila parokia ilijaa akina John, William na Thomas, akina Mary na Elizabeth. Pili, hadi mwaka 1733 baadhi ya makasisi waliandika kwa Kilatini, hivyo James ni Jacobus na William ni Guilielmus. Majina ya ukoo yaliandikwa jinsi sikio lilivyoyasikia, na ndugu wawili wa tumbo moja waweza kuandikwa kwa tahajia mbili. Tatu, kabla ya mwaka 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Februari 1720 kwa hesabu ya kasisi, kwa hesabu yetu amebatizwa 1721. Asiyejua hilo atamkuta mtoto amebatizwa kabla ya wazazi wake kuoana, na atamsingizia bibi wa watu bure.

Tuchukue mfano wa mezani. Umepata ubatizo wa John mwana wa William, na miaka 25 baadaye umepata ndoa ya John wa jina hilohilo la ukoo. Unataka kuunga uzi. Subiri. Rudi kwenye mazishi, usome mwaka baada ya mwaka. Huenda yule mtoto alizikwa kabla hajatimiza miezi sita, na aliyeoa ni binamu yake, mwana wa William mwingine wa upande wa pili wa kijiji. Njia ya kuwatenganisha ni kuwafuata wote wawili mpaka makaburini, pamoja na wake zao na watoto wao. Hapo ndipo utakapoona kwamba umelazimika kuujua ukoo wa jirani ili uujue wako.

Yuko mtu aliyeyajua haya mapema sana. Richard Gough alikuwa mkulima mwenye shamba lake katika parokia ya Myddle, Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Mwaka 1701, akiwa mzee wa miaka 66, alikaa akaandika historia ya kijiji chake kwa mpango wa ajabu: alichora ramani ya mabenchi ya kanisa, kisha akapita benchi kwa benchi akieleza familia iliyokuwa na haki ya kukaa pale. Nafasi ile ilifuata ardhi. Aliyelima shamba fulani alikaa benchi la shamba hilo, wakubwa mbele, watu wa vibanda nyuma. Kwa hiyo Gough hakuweza kumruka mtu. Aliandika walevi na wacha Mungu, wezi na wakarimu, waliooa vizuri na waliofilisika. Alihesabu hata vijana wa Myddle na vitongoji viwili vya jirani waliokwenda kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1642: walitoka 20, wakafa 13. Hesabu ya namna hiyo haitoki kwa anayefuata ukoo mmoja. Hutoka kwa aliyewatazama majirani wote wakiwa wameketi, akaona palipo pengo.

Karne mbili na nusu baadaye, mwanahistoria E. A. Wrigley alifanya jambo la jamaa hiyo kwa daftari za Colyton, Devon. Aliunganisha ubatizo, ndoa na mazishi, familia kwa familia, na mwaka 1966 akachapisha alichokiona. Wanawake wa Colyton hawakuolewa wakiwa wasichana wadogo kama wengi walivyodhani. Kwa wastani walikuwa na miaka 27, na katika nusu ya pili ya karne ya 17 umri huo ulipanda ukakaribia 30. Baadaye yeye na wenzake wa Cambridge walikusanya hesabu za parokia 404, nyingi zikiwa zimehesabiwa na wapenzi wa historia waliojitolea vijijini mwao. Walimu na wastaafu waliokaa na daftari jioni baada ya jioni walisaidia kubadili jinsi taifa zima linavyoijua asili yake.

Na maskini? Hao ndio hasa wanaonisukuma kuandika. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza penni 3 kwa kila ubatizo, ndoa na maziko yaliyoandikwa. Mafukara walisamehewa, na kando ya majina yao kasisi mara nyingi aliweka herufi P. Herufi hiyohiyo, kwa sheria ya 1697, waliopokea msaada wa parokia walipaswa kuivaa begani, imekatwa kwa kitambaa chekundu au cha buluu. Na katika sanduku la parokia, chini ya daftari, ndimo zilimokaa karatasi za mahojiano. Kwa sheria ya 1662 mgeni aliyeonekana atakuwa mzigo aliweza kurudishwa parokia yake, basi hakimu alimuuliza: umezaliwa wapi, umetumikia nani mwaka mzima, umepanga wapi? Kibarua asiyeacha shamba wala wosia anajibu, na majibu yake yamebaki. Mtafutaji anayewaonea haya hao anaifunga mwenyewe kumbukumbu iliyosema mengi zaidi.

Nimalizie kwa kijana mmoja. Katika uwanja wa kanisa la Henbury, kijiji ambacho sasa kimemezwa na mji wa Bristol, liko kaburi la Scipio Africanus, mtumishi Mwafrika wa Earl wa Suffolk, aliyefariki tarehe 21 Desemba 1720 akiwa na miaka 18. Jina hilo alipewa na waliommiliki. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote kaburini pale. Kwa kipimo cha ukoo, kijana huyu hana mahali: hana baba katika daftari, hana mtoto. Kwa kipimo cha parokia, yeye ni mtu wa Henbury aliyelala miongoni mwa watu wa Henbury, na yeyote mwenye mababu pale ana babu ambaye huenda alimpita njiani, akamwona, akajua sauti yake.

Ndiyo maana nawaomba mnaosoma toleo hili, hasa mnaokaribia kufungua daftari kwa mara ya kwanza: mkilipata jina mlilolitafuta, msinakili mstari mmoja. Nakilini ukurasa mzima. Andikeni aliyezikwa juma lililotangulia na aliyebatizwa juma lililofuata, pamoja na shahidi wa ndoa aliyeweka alama ya msalaba kwa kuwa hakujua kuandika. Mmoja wao ndiye atakayewafungulia mlango.