Feni Ikizimika Chini ya Ardhi

Kila itokeapo ajali mgodini, sisi huuliza kuhusu mashine: iliharibikaje, ilikuwa kuukuu kiasi gani, nani aliyeinunua. Kwa maoni yangu, hayo ni maswali mepesi. Hakuna mashine isiyoharibika. Swali zito ni hili: feni inapozimika, ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru kazi isimame, na je, akiamuru atatiiwa?

Tuutazame mgodi wa makaa ya mawe wa Pike River, New Zealand, ambamo mlipuko uliwaua watu 29 tarehe 19 Novemba 2010. Makaa hutoa gesi ya methani, na gesi hiyo hulipuka inapofikia baina ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kazi ya feni ni kuizimua isifikie kiwango hicho. Feni kuu huwekwa juu, nje ya mgodi, ili mafundi waweze kuifikia hata mambo yakiharibika chini. Pike River waliiweka ndani ya mgodi, jambo ambalo, kwa mujibu wa tume ya uchunguzi, halikuwa limewahi kufanywa katika mgodi wowote wa makaa duniani. Mlipuko ulipotokea ikanyamaza. Ile ya akiba, iliyokuwa juu, ikaharibiwa na mlipuko uo huo.

Lakini lililonishtua katika ripoti ya tume hiyo, iliyotolewa mwaka 2012, si feni bali ni karatasi. Katika siku 48 zilizotangulia msiba, ziliandikwa taarifa 21 za gesi kufikia kiwango cha kulipuka, na nyingine 27 za viwango vya chini ya hapo lakini vyenye hatari. Taarifa 48 kwa siku 48! Ziliendelea kuja hadi asubuhi ya siku yenyewe, na makaa yakaendelea kuchimbwa.

Asidhani msomaji kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Juni 2002, huko Mererani katika nchi jirani ya Tanzania, wachimbaji wa tanzanaiti wapatao 40 walikufa kwa kukosa hewa baada ya pampu ya hewa kushindwa kufanya kazi. Hapakuhitajiwa mlipuko. Katika mashimo ya namna hiyo hewa huteremka kwa mpira, na baruti ikishalipuliwa huacha gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu huishiwa nguvu za miguu kabla hajatambua kilichompata. Aghalabu anayekimbilia kumwokoa humfuata.

Sheria ya Marekani haimwachii msimamizi nafasi ya kusitasita. Feni kuu ya mgodi wa makaa ikisimama, umeme wa mashine hukatwa na watu huondolewa mahali pa kazi. Isiporejea katika dakika 15, kila mtu hutoka mgodini kabisa. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba inakata ubishi. Msimamizi hana haja ya kumpigia simu tajiri wake kumwomba ruhusa.

Hapa kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi penye hatari kubwa kabla ya kuiondoa. Ni sheria nzuri. Lakini mchimba dhahabu wa Migori au Kakamega anayelipwa kwa fungu la mawe aliyoyatoa, mwajiri wake ni nani? Ana mwenye shimo, ana mwenye pampu anayehesabu mafuta, ana mnunuzi anayesubiri juu. Akipanda kutafuta hewa, hasara ni yake peke yake. Ndiyo maana hapandi.

Walimu wa Jiografia huwafunza wanafunzi wetu mahali madini yapatikanapo na namna yanavyochimbwa. Waongeze somo la namna hewa inavyofika chini. Nao watoao vibali vya uchimbaji mdogo wasimpe kibali mwenye shimo linalotegemea pampu mpaka awe na mtu mmoja juu ambaye kazi yake ni kuisikiliza mashine hiyo tu, mwenye uwezo wa kuwatoa watu wote bila kumwuliza yeyote, na ambaye analipwa hata siku ambayo dhahabu haikutoka.