Dawa ni Bure, Nauli Je?



Husemwa katika jumuiya zetu kwamba kijana atumiaye heroini amejitakia mwenyewe, kwa kuwa Serikali hutoa tiba bila malipo. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na humdhulumu maskini.

Ni kweli kwamba Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke. Dawa hiyo hutuliza maumivu ya kukosa heroini, ambayo vijana huyaita arosto. Lakini nguvu yake hudumu takriban siku moja. Kwa hiyo anayeanza tiba hulazimika kufika kituoni kila siku, ainywe mbele ya mhudumu. Aishiye mbali hulipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku. Ni nani kati yetu aliyempa kazi ya kumwezesha kulipa? Akikosa nauli siku chache, arosto humrudisha kijiweni. Nasi twasema hakutaka kupona!

Twaidai Serikali isogeze huduma hii karibu na makazi ya maskini. Hata hivyo, tusijifiche nyuma ya Serikali. Msamaria Mwema hakumwelekeza majeruhi njia ya kwenda nyumba ya wageni. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka. Basi kila jumuiya ndogo ndogo itenge nauli ya mgonjwa wake, na imteue mtu wa kumsindikiza. Tena tuache kumwita teja. Analo jina lake la ubatizo.