Jalada Kabla ya Mashine

Kazi ya Henry Lynch kuhusu saratani za kurithi ilianza mwaka 1962 mjini Omaha, jimbo la Nebraska, kwa mgonjwa aliyelazwa kwa madhara ya pombe. Mgonjwa huyo alieleza kwamba anakunywa kwa sababu anajua atakufa kwa saratani ya utumbo mpana, kama walivyokufa jamaa zake. Daktari mwingine angemwonya juu ya ulevi na kumruhusu aende nyumbani. Lynch, aliyekuwa amesomea jenetiki, akaufuatilia ukoo mzima. Mwaka 1966 yeye, ofisa ustawi wa jamii Anne Krush na wenzao walichapisha habari za koo mbili, moja ya Nebraska na nyingine ya Michigan, ambamo saratani za utumbo mpana na mji wa mimba zilikuwa zikishuka kizazi hadi kizazi.

Ukoo kama huo ulikwisha kuandikwa zamani. Mwaka 1895 mshonaji mmoja alimweleza Aldred Warthin, mwanapatholojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwamba atakufa mapema kwa saratani, kwa kuwa ndiyo inayowamaliza watu wa kwao. Akafa kweli, kwa saratani ya mji wa mimba. Warthin alichapisha habari za ukoo huo mwaka 1913. Kumbukumbu zake zikatunzwa hadi zikamfikia Lynch, ambaye pamoja na Krush aliuandika upya ukoo huohuo mwaka 1971. Wakati huo wakubwa wa fani walishikilia kwamba saratani hutokana na mazingira au virusi, na maombi ya Lynch ya fedha za utafiti yalikataliwa mara kwa mara. Jeni ya MSH2, inayohusika na ugonjwa huo wa kurithi, ambao sasa huitwa ugonjwa wa Lynch, ilitambuliwa mwaka 1993, na MLH1 mwaka uliofuata. Kazi ya jeni hizo ni kusahihisha makosa yanayotokea seli inaponakili vinasaba. Mojawapo ikiharibika, makosa hurundikana.

Kati ya maneno ya mshonaji na jeni ilipita miaka 98. Wanaodai kwamba saratani za kurithi Afrika Mashariki zisubiri kwanza mashine za kusoma vinasaba wangeipigia hesabu miaka hiyo. Mashine ina kazi yake, tena kubwa: mtoto wa mwenye jeni yenye hitilafu ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi, na ni kipimo cha vinasaba tu kinachoweza kumwambia asiyeirithi kwamba hana haja ya kuchunguzwa utumbo kwa kamera mara kwa mara. Lakini mashine haijui aanze kupimwa nani.

Anayejua ni ukoo, na ukoo nao husahau. Marehemu “aliumwa tumbo”, au alirogwa. Ndiyo maana Lynch na Krush hawakuridhika na masimulizi. Walitafuta vyeti vya vifo, taarifa za upasuaji na majibu ya patholojia. Kwetu, hapa ndipo penye pengo, na halizibwi kwa mashine. Majibu ya patholojia hukunjwa, yakaondoka na mgonjwa kwenye mfuko wa plastiki. Shangazi aliolewa mkoa mwingine na kutibiwa huko. Watoto wake wana jina la baba yao, na daftari la wagonjwa wa saratani lenye jina, umri na kiungo tu haliwezi kuwaunganisha na wajomba zao. Safu moja zaidi ingetosha: nani katika ukoo amepata saratani, ya kiungo gani, akiwa na umri gani. Vigezo vya Amsterdam vya mwaka 1991 vilitaka hasa mambo hayo: jamaa watatu, vizazi viwili, mmoja wao aliyeugua kabla ya miaka 50. Kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta nacho huweza kupimwa miaka mingi baadaye ili kuona ni protini ipi ya usahihishaji imekosekana. Kikishatupwa, hakuna bajeti itakayokirudisha.

Makala ya kwanza ya toleo hili la jarida, kuhusu retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto, inaanzia kwenye hoja ya Alfred Knudson ya mwaka 1971 ya mapigo mawili, yaani kwamba nakala zote mbili za jeni lazima ziharibike, na haihitaji utangulizi. Inayopigia debe maabara mpya ina bei za mashine nyingi kuliko wagonjwa. Makala ya mwisho inahusu aspirini. Katika jaribio lililoongozwa na John Burn wa Uingereza, watu 861 wenye ugonjwa wa Lynch walipangiwa kumeza miligramu 600 za aspirini kila siku au kidonge kisicho na dawa, na waliopewa aspirini wakaja kupata saratani chache za utumbo mpana, ingawa tofauti ilichukua miaka kuonekana. Dawa hiyo ni ya kawaida katika maduka ya dawa. Hata hivyo, hudhuru ukuta wa tumbo la chakula na huweza kusababisha kuvuja damu, na jaribio lile halikuhusu kila mwenye hofu ya saratani. Liliwahusu watu ambao ugonjwa wao wa kurithi ulikwisha kutambuliwa.