Mitambo nafuu ya michezo ya video yawaacha wanunuzi wa Eastlands na majuto

SHULE zinapofungwa, vyumba vidogo vya mabati na vya mawe vilivyo kando ya barabara za Umoja, Kayole, Dandora na Kariobangi hugeuka viwanja vya kandanda. Runinga moja au mbili, mabenchi, mtambo wa michezo ya video na kundi la vijana wanaosubiri zamu zao: hiyo ndiyo biashara ambayo kwa miaka mingi imewapa riziki vijana wasio na ajira katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi.

Ni katika vyumba hivyo, kuliko katika sebule za matajiri, ambapo kasoro za mtambo wa bei ya chini huonekana waziwazi. Mzazi aliyemnunulia mwanawe mtambo wa kuchezea nyumbani akiudhika huufungia kabatini na kuusahau. Aliyekopa fedha kwenye chama ili mtambo huo umlipie kodi ya chumba hana kabati la kufichia hasara yake.

Wazo la mtambo nafuu usiofungamana na kampuni kubwa za Sony, Nintendo na Microsoft lilipata umaarufu mkubwa mnamo Julai 2012. Kampuni changa ya Marekani, chini ya uongozi wa Julie Uhrman, ilianzisha mchango kupitia tovuti ya Kickstarter ili kuunda mtambo ulioitwa Ouya.

Mkenya angeuita mchango huo harambee. Kampuni iliomba dola 950,000 na ikapata zaidi ya dola milioni 8.5 kutoka kwa watu zaidi ya 63,000. Lakini kama ilivyo katika harambee yoyote, aliyechanga hakupewa hisa wala kiti katika kamati. Alipewa ahadi, na aghalabu mtambo mmoja.

Ahadi yenyewe ilivutia. Ouya ungeuzwa kwa dola 99, sawa na takriban shilingi 8,500 za wakati huo, ilhali PlayStation 4 ilipozinduliwa Novemba 2013 iliuzwa kwa dola 399, yaani shilingi 34,000 hivi. Ungetumia mfumo wa Android, ule ule wa simu za mkononi. Mtu yeyote mwenye ujuzi angeweza kuutungia mchezo bila kumpigia magoti mkubwa yeyote, na kila mchezo ungekuwa na sehemu ya kujaribiwa bila malipo.

Ulipoingia madukani Juni 25, 2013, ulianzia Marekani, Canada na Uingereza. Nairobi haikuwa katika orodha hiyo. Hata hivyo, kisa cha Ouya kinafaa kuchambuliwa na mwenye chumba cha michezo kule Kayole, kwa sababu kila kasoro iliyomkera mnunuzi wa Chicago ingemfilisi yeye.

Kasoro ya kwanza ni padi, kile kifaa cha mkononi cha kuelekezea mchezo. Ouya ulikuja na padi moja tu. Ya pili iliuzwa karibu dola 50, zaidi ya nusu ya bei ya mtambo mzima. Kandanda ya runinga huchezwa na watu wawili, na mshindi hubaki kitini akisubiri mpinzani mwingine. Bei halisi ya mtambo huo katika chumba cha biashara, basi, haikuwa dola 99 bali karibu 150.

Isitoshe, padi zenyewe zililalamikiwa tangu siku za mwanzo. Vitufe vilikwama chini ya kifuniko, na wachezaji walilalamika kwamba amri ya kidole ilichelewa kufika kwenye skrini. Kuchelewa huko, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, ndiko kunakomfanya mlinda lango aruke baada ya mpira kutinga wavuni. Mteja aliyelipa shilingi 20 na kufungwa kwa sababu ya kitufe hadai maelezo, anadai fedha zake.

Kasoro ya pili haikuzua kelele nyingi ughaibuni, nayo ndiyo inayomhusu zaidi mkazi wa Eastlands. Mtambo ulipozinduliwa, mnunuzi alitakiwa kuweka nambari ya kadi ya mkopo kabla ya kupakua chochote, hata michezo iliyotangazwa kuwa ya bure. Katika jiji ambalo limekuwa na M-Pesa tangu Machi 2007 na watu wameizoea, sharti hilo lilitosha kuufunga mlango. Waliobuni mtambo wa watu wa kipato cha chini walisahau kwamba watu hao huenda wakawa na fedha na wasiwe na kadi.

Hata wa kuvuka kizingiti hicho angekumbana na gharama ya intaneti. Ouya haukutumia diski. Mnunuzi aliuwasha, akasubiri mtambo ujisasishe, kisha akapakua mchezo mmoja baada ya mwingine katika hifadhi ya gigabaiti 8. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009 na kupunguza gharama ya mawasiliano, lakini mwaka 2013 mkazi wa kawaida wa Dandora alikuwa bado akinunua intaneti ya simu kwa vipimo vidogo vidogo.

Kasoro kubwa kuliko zote, hata hivyo, haikuwa ya waya wala kitufe. Ouya haukuwa na FIFA. Ulikuwa na mamia ya michezo, baadhi yake ikiwa na ubunifu wa kupigiwa mfano, lakini haukuwa na ule mmoja ambao kijana wa Jericho yuko tayari kuulipia.

Hesabu yake ni nyepesi. Ikichukuliwa kwamba mechi moja hulipiwa shilingi 20, mtambo wa shilingi 8,500 hurudisha gharama yake baada ya mechi 425. Kwa mechi sita kila saa, na saa kumi za kazi kwa siku, hiyo ni biashara ya wiki moja hivi. PlayStation 4 mpya ingehitaji mechi 1,700. Kwenye karatasi, mtambo nafuu unashinda kwa mbali. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba mabenchi yamejaa, na mabenchi hayajazwi na bei ya mtambo. Hujazwa na Arsenal na Manchester United.

Wasanii wa michezo nao hawakukaa. TowerFall, mchezo uliosifiwa kuliko yote ya Ouya na ambao mwanzoni haukupatikana kwingineko, ulihamia PlayStation 4 na kompyuta mnamo Machi 2014. Hawawezi kulaumiwa, msanii hufuata hadhira. Lakini aliyenunua mtambo kwa ajili ya mchezo huo mmoja alibaki na kisanduku ambacho upekee wake ulidumu miezi tisa hivi.

Julai 2015 kampuni ya Razer ilitangaza kwamba imenunua programu za Ouya na kuwachukua wataalamu wake, bila kuununua mtambo wenyewe. Juni 25, 2019, miaka sita kamili tangu siku ya uzinduzi, seva zilizimwa. Akaunti zilifungwa, duka likatoweka, na michezo iliyohitaji kuthibitishwa na seva kabla ya kuchezwa ikakataa kufunguka ingawa mwenyewe alikuwa ameilipia.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kifaa hiki na redio au cherehani. Cherehani hufa fundi anapokosa kipuri. Ouya uliuawa ukiwa mzima, kwa uamuzi uliofanywa mbali na yule aliyeununua.

Wala haukuwa wa kwanza. Mwaka 2009 mtambo ulioitwa Zeebo ulizinduliwa nchini Brazil, ukilenga hasa nchi zinazoendelea ambako mitambo ya kampuni kubwa ilikuwa ghali mno. Michezo yake ilipakuliwa kupitia mtandao wa simu, jambo lililoonekana kuwa suluhisho la werevu kwa familia zisizo na intaneti nyumbani. Kufikia mwaka 2011 biashara hiyo ilikuwa imefungwa, na upakuaji ukaisha nayo.

Nairobi imekuwa na mitambo yake nafuu ya aina nyingine, isiyo na kampuni ya kulaumiwa wala seva ya kuzimwa. Kwa miaka mingi maduka ya jijini, hususan ya barabara ya Luthuli, yaliuza nakala za mtambo wa Nintendo uliozinduliwa Japani mwaka 1983. Baadhi ya nakala hizo duniani zilivishwa umbo la PlayStation na kupewa jina la PolyStation. Ukifungua kifuniko ambako diski ingekaa, unakuta tundu la kaseti.

Kaseti zenyewe zilijigamba kuwa na michezo 9,999, na nyingine 999,999. Mtoto aliyekuwa na subira ya kushuka chini ya orodha aligundua kwamba michezo ilikuwa michache tu, ikijirudia kwa majina tofauti au ikianzia hatua tofauti. Pengine hilo ndilo somo la kwanza la utapeli kwa watoto wengi wa kizazi hicho.

Mrithi wake leo ni kijiti kidogo kinachochomekwa nyuma ya runinga, kikiwa na padi mbili zisizo na waya na tangazo la michezo 10,000 katika picha za hali ya juu. Kijiti hicho huuzwa kwa shilingi elfu chache. Ndani yake mna nakala za michezo ya miaka ya 1980 na 1990 zilizowekwa bila idhini ya wenyewe, na picha za zamani hizo zimetanuliwa tu kujaza skrini kubwa. Kadi ya kumbukumbu ya bei ya chini ikiharibika, michezo yote 10,000 huondoka siku moja. Mwenye runinga nene ya zamani hana hata tundu la kukichomeka.

Kijiti hicho kina faida moja isiyostahili kubezwa: mzazi wa miaka 40 hukutana tena na michezo ya utotoni. Lakini furaha hiyo haijazi mabenchi ya Umoja.

Kwa nini, basi, PlayStation zilizotumika zimetawala Eastlands? Jibu liko karibu, katika soko la Gikomba. Mkazi wa mitaa hiyo anajua kwamba koti la mtumba lililoshonwa vizuri hulishinda koti jipya lililoshonwa ovyo. Waliounda Ouya walipanga kushindana na mitambo mipya ya Sony. Mshindani wao halisi katika nchi kama Kenya angekuwa mtumba wa Sony.

PlayStation 2 ilianza kuuzwa mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 kote duniani, na ikaendelea kuundwa hadi mwanzoni mwa 2013. Mwaka huo huo FIFA 14 ilitolewa pia kwa mtambo huo, ukiwa na umri wa miaka 13. Wingi huo ndio uliozaa mafundi, vipuri na padi za ziada. Mtambo ukifa Jumamosi asubuhi, fundi huufungua mezani, akabadilisha kioo cha kusomea diski, na mechi zikaendelea jioni. Hakuna fundi wa Ouya.

Kuna upande wa hadithi hii usiopendeza kutajwa. Sehemu kubwa ya unafuu wa PlayStation 2 mitaani ilitokana na diski za kunakiliwa, baada ya mafundi kutia chipu iliyouhadaa mtambo uzikubali. Mtambo huru unaowaomba wateja wake wawalipe wasanii kwa uaminifu ulijikuta ukishindana na wizi, na wizi una bei ambayo hakuna mfanyabiashara halali anayeweza kuishusha zaidi.

Watungaji wa michezo wa Kenya, ambao mtambo huru ungeweza kuwafaa kuliko wengine, walichukua njia tofauti. Ma3Racer, mchezo wa kuendesha matatu, ulitolewa mwaka 2011 kwa simu za Nokia. Mwaka huo Safaricom ilikuwa ikiuza simu ya IDEOS ya Huawei, yenye mfumo wa Android, kwa takriban shilingi 8,000. Miaka miwili kabla ya Ouya, kijana wa Nairobi aliweza kupata Android kwa bei iyo hiyo, tena iliyopiga simu na kutuma fedha.

Swali linalobaki ni la haki za mnunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaoridhisha, pamoja na habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ilifuata. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Kwa kijiti ambacho michezo yake haifiki 10,000 iliyotangazwa, njia ipo. Muuzaji yuko jijini na tangazo limeandikwa kwenye sanduku. Kwa mtambo uliozimwa kutoka ng'ambo ni vigumu zaidi: bidhaa yenyewe haikuharibika, na aliyeizima huenda hana hata ofisi nchini.

Mlalamishi atahitaji pia stakabadhi ya malipo. Katika vibanda vingi vya jijini hutolewa mteja anapoidai, na chini yake huwa pamepigwa chapa onyo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.