Liyongo Hafufuki

Superman, aliyezaliwa katika katuni za Marekani mwaka 1938, aliuawa kurasani mwaka 1992. Mwaka uliofuata akarudi. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani ya Lamu, harudi, na ndiyo maana namwona mzito zaidi. Mtu atasema Superman naye ana udhaifu wake, lile jiwe la kriptonaiti. Kweli, ila jiwe hilo hushikwa na adui. Sindano ya shaba iliyomchoma Liyongo kitovuni, penye udhaifu wake, ilishikwa na mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Uchungu ulioje! Liyongo akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, mshale upindeni, akafa hivyo hivyo. Watu wenye kiu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Ikabidi mamaye aje kumbembeleza.