Tushirikishane Kazi, Tusigawane Namba za Wateja

Wacha niseme kitu ambacho wengi wenu hamtapenda: lile grupu la WhatsApp la biashara zenu si mfumo. Ni soko la namba za watu.

Huku Majoreni na pande zote za kusini mwa pwani, biashara ndogo zinategemeana. Mgeni amelala gesti ya Diani, anataka kwenda Kisite kuona pomboo. Mwenye gesti anampigia dereva wa kumfikisha Shimoni, dereva anampigia nahodha, nahodha anampigia mama wa Wasini apike kaa. Wavuvi wetu nao wana mnyororo wao: mvuvi, mama karanga, boda, hoteli. Mteja mmoja, mikono minne. Hiyo ni poa, ndivyo pesa inavyozunguka. Shida ni kwamba jina, namba ya simu na saa nyingine hadi picha ya pasipoti vinazunguka pamoja na hiyo pesa, kwenye grupu la watu wengi, na hakuna anayefuta. Halafu dada ameagiza samaki mara moja tu, usiku anapata "mambo mrembo" kutoka kwa namba asiyoijua. Mmeshaiona hii. Tusijifanye.

Sasa vijana wenzangu wanaojua kuandika programu wameona nafasi hapo, na mimi nafurahi. Wanataka kutengeneza apu ya kuunganisha biashara hizi. Mimi huwauliza swali moja: mtaijenga vipi? Siulizi lugha gani ya programu. Nauliza njia.

Njia ya kwanza ndiyo tuliyochorewa ubaoni chuo, kabla sijaacha. Unakusanya mahitaji yote, unachora mfumo wote, unauandika wote, unajaribu, unakabidhi. Inaitwa maporomoko, manake maji yakishashuka hayapandi. Winston Royce ndiye aliyechora mtiririko huo kwenye karatasi yake ya mwaka 1970, na wengi hudhani alikuwa anausifia. Kumbe palepale alionya kwamba kuufuata hivyo ni hatari, kwa sababu makosa makubwa unayagundua mwishoni wakati wa kujaribu. Kwa mama karanga hiyo ni balaa. Analipa leo, mfumo anauona miezi minane baadaye, kusi imeshaingia, bahari imechafuka, na pesa ya kurekebisha hana.

Njia ya pili ni kujenga kidogo kidogo. Unatoa kipande kimoja, watu wanakitumia, unarekebisha, unaongeza. Ndiyo hii inayoitwa ajaili, tangu watu 17 walipokutana Utah, Marekani, mwaka 2001 na kuandika misingi yake. Lakini huna haja ya kwenda Utah kuielewa, angalia simu yako tu. M-Pesa ilijaribiwa kuanzia 2005 kama njia ya kulipia mikopo midogo. Watu waliopewa waijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wanaitengeneza wakaona, wakasikiliza, na ilipozinduliwa Machi 2007 habari kubwa ikawa kutuma pesa nyumbani. Wangejifungia ofisini na michoro yao, pengine tungepata mfumo wa mikopo ambao hakuna anayeukumbuka.

Kwa hivyo msimamo wangu ni kidogo kidogo. Anza na jambo moja, oda za samaki au nafasi za boti. Biashara tatu, wiki mbili, uone watu wanakwama wapi.

Lakini hapa ndipo naachana na mabeste wangu wa teknolojia. Wao wanasema usalama wa data utakuja toleo la pili. Zii. Rangi ya kitufe unaweza kubadilisha kesho. Namba ya mteja ikishasambaa, huwezi kuiita ikarudi. Jenga kila kitu kidogo kidogo, isipokuwa hili moja: nani anaona nini, kwa sababu gani, na inafutwa lini. Hilo liamuliwe kabla ya mstari wa kwanza wa programu kuandikwa. Na si maoni yangu peke yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inataka ulinzi uwekwe ndani ya mfumo tangu unapobuniwa.

Kwa vitendo iko hivi: shirikisha kazi, usishirikishe mtu. Nahodha anahitaji kujua ni abiria wanne, saa mbili asubuhi, mmoja hajui kuogelea. Majina akiyahitaji kwa usalama baharini, ayapate, na safari ikiisha yafutwe. Mama karanga anahitaji kilo na saa. Boda anahitaji pa kufikisha na njia ya kupiga simu mpaka mzigo upokelewe, basi. Mawasiliano yabaki kwa yule aliyempokea mteja, wengine wapewe namba ya oda. Na mteja mwenyewe aambiwe na akubali.

Tena hii inatibu ugonjwa mwingine ambao hatupendi kuutaja. Watu wengi hawataki mfumo wa pamoja kwa sababu wanaogopa kuibiwa wateja. Ukiwaonyesha kwamba jirani ataona kazi bila kuona namba, hofu hiyo inapungua. Kumlinda mteja ndiko kunakowafanya wenye biashara waaminiane.

Najua mtasema, "Ofisi ya Kamishna wa Data iko Nairobi, nani atakuja Majoreni?" Sawa. Septemba 2023 ofisi hiyo iliipiga Casa Vera Lounge faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Ilikuwa klabu, si benki. Ni kweli, biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 kwa kawaida imesamehewa kujisajili. Lakini kusamehewa kujisajili si kusamehewa kulinda data, na watu wa malazi wamewekwa kwenye orodha ya wanaolazimika kujisajili hata wakiwa wadogo.

Na hata faini isipofika huku, yule dada hataagiza samaki tena. Atawaambia wenzake pia.

Kwa hivyo kabla hujamlipa kijana yeyote akutengenezee apu, muulize mambo matatu. Kipande cha kwanza nitakishika lini? Nani ataona namba ya mteja wangu? Itafutwa siku gani? Akijibu la kwanza peke yake, mwambie arudi akajipange.